Pijo la Mbonea na Macho ya Namkunda

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu, ni juzijuzi tu, milimani Upareni aliishi mjane mmoja, Namkunda. Marehemu mumewe, Mbonea, alimwachia Pijo, gari pekee lililoupanda mlima ule. Lilikuwa limezeeka, jamani! Kutu imekula milango, kutu imekula sakafu, abiria anaiona barabara chini ya miguu yake. Lakini mgonjwa akizidiwa, Pijo hukohoa, hukohoa tena, likawaka, likamshusha hospitali.

Sasa macho ya Namkunda yakaingia ukungu. Daktari akamwambia, "Mama, tusipoyapasua kabla ya masika, utapofuka." Basi akaitwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akaja na nyundo yake, akaligonga Pijo ubavuni, akataja bei. Bei ile ilitosha matibabu. Na usiniambie majirani wangechanga! Mwaka ule kahawa ilikauka mtini, watu wakawa wanalalia uji. Namkunda akasema, "Lichukue." Moyo ulimuuma, lakini giza alilihofia zaidi.

Kabla nyundo haijainuka, Yoeza, kijana wa jirani, huyo, mbio! Mkewe ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto hatoki. "Mama, ufunguo!" Namkunda akampa. Pijo likakohoa, likakohoa tena, likawaka, likashuka. Mzazi akapona, mtoto akapona. Mnunuzi akanuna. "Nitalala hapahapa," akasema. "Kesho asubuhi nisipolipata, nakwenda zangu na sirudi."

Asubuhi Pijo likarudi na mzazi na kichanga chake, Yoeza akamrudishia Namkunda ufunguo, watu wakajaa uani. Kaniki, fundi aliyekuwa rafiki wa Mbonea, akatangulia kusema.

"Shemeji, injini iliyomo humo ni ya gari langu mimi. Nilimpa Mbonea bure, tukashikana mikono kwamba Pijo litatembea mpaka lifie barabarani, lisivunjwe kwa nyundo. Ukiliuza, unauza na changu."

Yoeza naye akasema, "Mama, barabara hii hakuichimba Mbonea peke yake. Baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, lilipulizwa, watu wakaacha mashamba yao, wakavunja mwamba ili gari hili lipite. Baba yangu aliangukiwa na jiwe pale konani, akafa. Leo dada yangu ni mjamzito. Tumshushe kwa machela?"

Namkunda akasema, "Mnasema kweli nyote. Lakini damu za wagonjwa wenu humo garini nimezisafisha mimi, miaka yote, sikumdai mtu. Leo naomba macho yangu tu. Nimekosa?"

Mke wa Yoeza akampakatisha mtoto. Namkunda akampapasa usoni, paji, pua, kidevu, maana kumwona vizuri hakuweza. Mnunuzi akanyoosha mkono. Ufunguo ulikuwa bado kiganjani mwa mjane.

Haya, ninyi mnaoniona vizuri nikisema: Namkunda na macho yake, Kaniki na injini yake, watu wa mlima na barabara yao. Je, neno la nani lilistahili kufuatwa? Na ufunguo ule ungekuwa kiganjani mwako, ungempa nani?