Feni Tatu na Sauti ya Bi. Nangasu

Sogeeni karibu, niwape kesi iliyowashinda watu wazima. Ilitokea Same, mji ulio chini ya milima ya Upare, ambako mchana mabati ya nyumba hulia kwa joto na upepo ukija huja na vumbi lake.

Palikuwa na mjane aitwaye Bi. Nangasu Mshana. Alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alizaliwa na chake.

Sifaeli, mkubwa, alijaliwa sikio. Baiskeli ikipita barabarani, yeye akiwa ndani, angekwambia ni gurudumu la mbele au la nyuma lenye kasoro.

Ndekirwa, wa pili, alijaliwa ngozi inayoijua hewa. Angesimama mlangoni kwa jirani akamwambia, "Jiko lako lihamishie kule, hapo moshi utakurudia." Na kweli ungerudi.

Mbonea, kitinda mimba, alijaliwa mikono. Bati, ubao, waya, vyote vilimtii. Na Jumapili mikono hiyohiyo ilipiga gitaa kanisani, hata wapita njia wakasimama nje kusikiliza.

Mama yao alijaliwa sauti. Alikuwa msimulizi wa hadithi. Akianza, wagonjwa walisahau maumivu na watoto walisahau njaa. Hadithi zake alizipokea kwa mama yake, naye kwa mama yake, na hakuna aliyewahi kuziandika.

Basi koo la Bi. Nangasu likaingiwa na uvimbe. Madaktari wakamwambia, bila kuficha, kwamba atafanyiwa upasuaji na atapona, lakini hatasema tena.

Aliporudi nyumbani aliwaita wanawe. Sauti yake ilikuwa tayari inakwaruza.

"Nataka kuwaachia hadithi ya binti aliyefuata ndege wa asali," alisema. "Nyingine mnazijua vipande vipande. Hiyo hamjawahi kuisikia hadi mwisho, maana mlikuwa mkilala."

Miaka hiyo simu za mkononi zilikuwa za kupiga na kutuma ujumbe tu. Lakini sebuleni palikuwa na kompyuta ya mezani aliyoiacha marehemu baba yao, pamoja na maikrofoni yake. Wakasema, tutamrekodi kwa hiyo.

Kompyuta ile ilikuwa mbovu kwa jambo moja: joto. Umeme wa mgao ulikuwa ukija adhuhuri na kuondoka jioni, yaani saa zilezile ambazo nyumba iligeuka tanuri. Mashine ikifanya kazi kidogo tu, ilijizima yenyewe, na kilichorekodiwa kikapotea.

Siku ya kwanza mama alisimulia mpaka binti alipotoka nyumbani kwao. Kioo kikawa cheusi. Akaanza upya. Kikawa cheusi tena.

"Tukurekodi vipande vipande, mama," Sifaeli alisema.

"Hadithi haikatwi kama kitenge," alijibu. "Nikisimama, binti naye anasimama, na ndege anampotea."

Alikunywa maji, akafuta jasho. Alikuwa amechoka na alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huahidi vikubwa. Akasema, "Atakayenifikisha mwisho bila mashine hii kunikata, nyumba yangu ya Mbaga ni yake."

Mbaga ni kule juu milimani, kwenye ubaridi. Nyumba ilikuwa ndogo, na mgomba wa mwisho ulikuwa unagusa makaburi. Haikuwa mali ya kugawanya. Baba yao alizikwa hapo.

Sifaeli ndiye aliyeanza. Aliweka sikio kwenye kasha la kompyuta, akasikiliza mpaka likazima. "Kuna feni ndogo ndani, juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine," alisema. "Inachoka kwanza, ndipo mashine inazima. Inazunguka kama mtu anayepanda mlima na mzigo." Feni kama hiyo haikuwapo Same. Ilikuwapo Moshi alikokuwa akisoma, ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ambayo alikuwa akiandikia kazi yake ya mwisho ya chuo. Akapanda basi, akaifungua, akaing'oa feni, akarudi nayo. Ya kwake ikabaki haifai, na mwaka ule hakumaliza chuo.

Feni ilipofungwa, mama akasimulia. Binti akatoka nyumbani, akamfuata ndege, akafika mtoni. Hapo mashine ikazima.

Ndekirwa alikuwa amejifungua karibuni, na wakwe zake walimkataza kutoka nje kabla ya arobaini. Aliposikia, alimfunga mtoto kifuani akaja. Mume wake alisimama mlangoni akamwambia, "Ukitoka leo, usinilaumu kwa yatakayofuata." Akatoka.

Alipofika alilifungua kasha, akapitisha kiganja chake kulizunguka taratibu, kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa.

"Kaka, feni yako ni nzima," alisema. "Lakini inazungusha hewa ileile ya moto. Haina pa kutokea."

Nyuma ya kasha palikuwa na tundu lililozibwa. Akalizibua, akaweka feni nyingine aliyoiomba kwa fundi redio wa sokoni. Fundi alimwambia aielekeze ipulize ndani, Ndekirwa akaigeuza ipulize nje. Hewa ya moto ikaanza kutoka. Ukiweka mkono pale nyuma ungedhani umeusogeza karibu na jiko.

Mama akasimulia. Binti akavuka mto, akaingia msituni, akauona mzinga. Mashine ikazima.

Safari hii Bi. Nangasu hakuomba maji. Alikaa tu akiwa ameshika koo lake, na alipojaribu kusema jambo hakuna kilichotoka mpaka alipojaribu tena. Wote watatu waliona. Siku ya upasuaji ilikuwa imekaribia, na sauti ilikuwa inatangulia kuondoka.

"Hewa inatoka," Ndekirwa alisema, "lakini inayoingia ni kidogo, na ni ya moto."

"Niambieni iingilie wapi," Mbonea alisema.

Ndekirwa akamwonyesha ubavu wa kasha unaoelekea dirisha la kivulini. Mbonea akachukua mkasi wa bati, akakata duara kwenye chuma kile kigumu, akafunga feni kubwa ya kuvuta hewa ndani, na mbele yake akatundika kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi. Alifanya haraka, kwa sababu ya mama. Chuma kikateleza, kikamkata kidole cha mkono wa kushoto hadi kwenye mshipa. Alikifunga kwa leso akaendelea. Kidole kilipona, lakini hakikukunjika tena, na gitaa la kanisani likapata mpigaji mwingine.

Feni tatu zikawashwa. Moja ikavuta hewa ya kivulini, moja ikaipoza prosesa, moja ikaitupa nje hewa ya moto. Bi. Nangasu akafunga macho, akaanza. Binti akatoka, akavuka mto, akauona mzinga, akala asali, akamwachia ndege sehemu yake, akarudi kwao na kukuta kwao kumebadilika. Mtoto wa Ndekirwa alinyonya kimya. Mama alipofika mwisho alisema, "Imeisha," na mashine ilikuwa bado inaendelea.

Walimkumbatia. Kama wangeishia hapo, nisingekuwa na kesi ya kuwapa.

Upasuaji ukafanyika. Bi. Nangasu akapona, akarudi nyumbani bila sauti. Na mezani, siku moja, Mbonea akauliza kama mzaha, "Sasa Mbaga ni ya nani?"

Sifaeli akasema, "Mimi ndiye niliyeutambua ugonjwa. Bila feni yangu, zenu zingepuliza maiti. Na chuo kilinipita."

Ndekirwa akasema, "Uliizungusha hewa ya moto palepale, kaka. Mimi ndiye niliyeipa njia. Na kwa ajili ya siku ile, mume wangu hajanisamehe hadi leo."

Mbonea akauweka mkono wake mezani. "Mama alisema atakayemfikisha mwisho. Kwa feni yako alifika mtoni, kaka. Kwa yako, dada, alifika kwenye mzinga. Mwisho alifika kwa yangu."

"Tulikuwa tumekwisha kukubebea njia yote," Ndekirwa akamjibu.

Wakabishana mpaka wakaamua kujaribu. Walizima feni moja, wakaiacha mashine ikifanya kazi. Ikazima. Wakawasha hiyo, wakazima nyingine. Ikazima. Ya tatu, vilevile. Hawakupata jibu, ila mashine, kwa kuzimwa na kuwashwa katika joto lile, iliungua na haikuwaka tena. Bahati ni kwamba hadithi walikuwa wamekwisha kuihamishia kwenye sidii.

Mama yao aliwatazama akiwa amekaa kwenye kiti chake. Aliomba chaki kwa ishara. Akainama kwa shida, akaandika sakafuni: *Nilikosea.*

"Ulikosea nini, mama?" Ndekirwa aliuliza. "Kuahidi? Au kurekodi?"

Bi. Nangasu alilifuta neno lile kwa unyayo, akaenda chumbani kulala. Hakuandika tena juu ya jambo hilo, na wao, kwa aibu, hawakumuuliza tena mbele yake. Waliendelea kuulizana nyuma yake. Alifariki masika yaliyofuata, wakamzika Mbaga kando ya mumewe. Watoto wake watatu walisimama pande tatu za kaburi.

Nyumba ile sasa imefungwa. Ufunguo uko kwa mjomba wao, Mzee Mshana, ambaye amekataa kuutoa mpaka wakubaliane. Mgomba umeanza kuingia dirishani.

Kila mwaka, siku ya kumkumbuka, wanakutana kwa mjomba na kuisikiliza hadithi. Sauti ya Bi. Nangasu imo, nzima, lakini chini yake umo mvumo wa feni, maana maikrofoni ilikuwa karibu na kasha. Hakuna fundi aliyeweza kuutoa bila kuiharibu sauti. Mimi nimewahi kukaa nao wakisikiliza. Binti yuko njiani, ndege anaita, na Sifaeli anainua kidole na kusema, "Huo mluzi mwembamba ni wa feni yangu." Ndekirwa anasema, "Huo mzito unaopumua nje ni wangu." Mbonea anasema, "Huo mkubwa ni wangu, msikilize." Hadithi inaisha, wanaondoka. Siku ile nilimuuliza Mbonea binti alikuta nini aliporudi kwao. Aliinamisha kichwa. Hakujua.

Kesi ndiyo hiyo, nami sina hukumu. Yupo aliyeujua ugonjwa, yupo aliyeipa hewa njia, yupo aliyefikisha mwisho, na kila mmoja alilipa kwa kitu ambacho hakitarudi. Mzee Mshana amezeeka, na ufunguo bado uko mfukoni mwake. Ninyi mlionisikiliza, mngempa nani nyumba ya Mbaga?