Ubaya Uliofuata Nyuma

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye masikio?
Ayatege!
Mwenye ulimi?
Auweke tayari, tutauhitaji!

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na baraza lao na mahakimu wao, palikuwa na Kanga mmoja jina lake Bi Madoa. Alitaga mayai yake majanini, chini ya tuta la matope lililoziba mto. Yai moja liliwahi kuanguliwa, akatoka kifaranga mkaidi, akaitwa Kidoa. Mengine Bi Madoa aliendelea kuyaatamia, akiyageuza na kuyasemesha kama mama yeyote.

Nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mahakimu wakikata shauri jipya, hukumu iligeuka fundisho. Wanyama wote walisimama, wakalitamka pamoja mara tatu. Likishatamkwa mara tatu, basi: halitolewi neno, halibadilishwi neno. Aliyethubutu alifukuzwa nchini. Msicheke. Hata nyinyi mna yenu mnayoyameza bila kuyatafuna.

Kiangazi kimoja moto ukashika nyika. Ukaja mbio, ukaja ukila, ukaja ukinguruma. Wanyama wakakimbilia mtoni, wakakuta mto mkavu. Tembo akatazama juu, akaona tuta na maji yaliyojaa nyuma yake. Akatazama chini, akaona kiota cha Bi Madoa. Akabomoa tuta.

Maji yakashuka, moto ukafa, wanyama wakapona. Mayai yakaenda na maji. Bi Madoa akabaki na Kidoa peke yake, kwa kuwa mkaidi huyo alikuwa amepanda kichuguu kutafuta mchwa.

Bi Madoa akalia, akalia, akalia, kisha akaenda barazani. Mahakimu walikuwa watatu: Nyati wa sheria, Hondohondo wa dini, na Korongo wa maadili.

"Tembo," wakauliza, "ulikiona kiota?"

"Nilikiona, wazee wangu. Nilikiona, na nikabomoa."

Nyati akasema, "Sheria yasema: aliyeharibu alipe."

Hondohondo akasema, "Dini yasema: aliyejua akatenda, ana dhambi."

Korongo akasema, "Maadili yasema: kwanza mtazameni alikuwa anaelekea wapi. Alikuwa anaelekea kutuokoa. Kufa kwa mayai kulimfuata nyuma, hakukuita."

Wakabishana mpaka jua likawa utosini. Mwishowe wakaafikiana, hata Nyati, maana na yeye ngozi yake iliponywa na maji yale yale. Korongo akatamka: "Aliyekusudia wema, ubaya ukamfuata nyuma, asihukumiwe kwa ubaya huo. Bi Madoa, una neno?"

Bi Madoa alikuwa na maneno mengi. Lakini alijua kwamba angalikuwa yeye ndiye Tembo, naye angalibomoa. Kujua huko hakukumpunguzia uchungu hata chembe.

"Sina," akasema.

Wanyama wakasimama, wakatamka mara tatu. Aliyetamka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Fisi. Wenzake waliponyamaza, yeye bado alikuwa anatamka.

Haukupita muda, Fisi akafukua shamba la Nungunungu, akala viazi vyote. Akaitwa barazani.

"Waheshimiwa, nilikusudia kushiba. Kushiba ni kubaya?"

"Si kubaya."

"Basi hasara ya Nungunungu ilinifuata nyuma."

Mahakimu wakatazamana. Fundisho ni fundisho. Akaachiliwa.

Mvua zilipoanza, Fisi akamtoa Pimbi pangoni na wanawe, akalala yeye. Akaitwa barazani.

"Waheshimiwa, nilikusudia kujikinga mvua. Kujikinga ni kubaya?"

"Si kubaya."

"Basi kulowa kwa Pimbi kulinifuata nyuma."

Akaachiliwa tena, akaondoka akicheka kile kicheko chake mnachokijua.

Mara ya tatu Fisi hakuitwa. Alikuja mwenyewe, asubuhi, amemshika Kidoa, akamkandamiza chini ya mguu, kifaranga analia pii, pii, pii.

"Waheshimiwa, safari hii nimeona nije mapema, nisiwasumbue baadaye. Mimi ni mnyama wa sheria. Nakusudia kufungua kinywa. Kufungua kinywa ni kubaya?"

Nyati akainamisha pembe. Hondohondo akafumba macho. Korongo akabadili mguu wa kusimamia.

"Si kubaya," wakasema kwa sauti ndogo.

"Basi kifo cha huyu kitanifuata nyuma."

Wanyama wakapiga kelele, "Fundisho livunjwe! Livunjwe!" Mahakimu wakatikisa vichwa. Hawakuwa wabaya, walikuwa waoga tu.

Bi Madoa akasogea mbele. Akamtazama mwanawe. Akamtazama Tembo. Fundisho likivunjwa, Tembo ana hatia, na yeye hakutaka hilo.

"Fundisho lisitolewe neno," akasema. "Mimi nataka kuuliza tu. Kuuliza kumekatazwa?"

"Hakukukatazwa," akasema Korongo.

"Tembo, siku ile kama kiota changu kingekuwa kwingine, maji yakapita patupu, ungefanyaje?"

"Ningebomoa vile vile, Bi Madoa. Moto ungezimika vile vile. Na ningecheza ngoma."

"Na wewe Fisi, mwanangu akikuponyoka sasa hivi akaenda zake salama, utafungua kinywa?"

Fisi akacheka. "Akiniponyoka nitakula nini, mama? Upepo?"

Baraza zima likamgeukia. Fisi akaacha kucheka, lakini neno likishatoka halirudi.

"Wazee, mmesikia," akasema Bi Madoa. "Ubaya wa Tembo ulimfuata nyuma. Wa Fisi uko mbele yake, yeye ndiye anayeufuata."

Korongo akateremsha mguu wa pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barazani. "Fundisho halikuguswa," akasema kwa aibu. "Sisi tulilikariri, hatukulielewa. Fisi, inua mguu."

Fisi akasita. Tembo akasogea karibu. Fisi akainua mguu, na Kidoa akakimbilia chini ya bawa la mama yake. Pango likarudi kwa Pimbi, na Fisi akapelekwa kumlimia Nungunungu viazi, bila kuonja.

Watu walipotawanyika, namaanisha wanyama, Tembo alimwendea Bi Madoa.

"Umenitetea, mama. Basi umenisamehe?"

"Fundisho limekuondolea hatia," akasema Bi Madoa. "Mayai yangu halikuyarudisha. Hilo ni langu na lako, baraza haliwezi kulikata."

Tembo akashusha mkonga. "Nifanye nini?"

"Upitapo majanini, tua mguu polepole. Kila mguu, kila siku."

Tembo akaondoka, akitua mguu polepole. Ndiyo maana mpaka leo, pamoja na mwili wote ule, anaweza kupita karibu yako usimsikie.

Ngano imefika ukingoni. Mwenye yake aitoe, asiye nayo akalale. Funzo lake ni hili: kukariri si kuelewa, na kuondolewa hatia si kumaliza uchungu wa mwenzio.

Na kile kiazi mlichokifukia majivuni, msikitafute. Mimi nilikusudia tu kuona kama kimeiva.