Yai Lililomsomesha Semeni

Hadithi ipo?
Ipo, ilete.
Niilete mbichi au iliyoiva?
Ilete iliyoiva, tuile ya moto.

Haya, sogeeni. Hapo kale, katika nchi ya mawe na nyasi, aliishi Mama Sange. Sange mnamjua: ni mnyama mdogo kama panya, na pua yake ni kama mkonga wa tembo aliyekatazwa kukua. Mama Sange alikuwa na binti mmoja, jina lake Semeni.

Semeni alikuwa mtoto wa kuuliza. Wenzake wakicheza, yeye anauliza. Wenzake wakila, yeye anauliza. Na swali lake kubwa lilikuwa hili: mvua ikituacha, huwa inakwenda wapi?

Mama yake hakujua. Jirani yao Nungunungu hakujua. Wakamuuliza Korongo, yule ndege mweupe wa miguu mirefu, anayekuja kila mwaka na kuondoka kila mwaka. Korongo akamtazama Semeni kwa jicho moja, akamtazama kwa jicho la pili. Akasema swali hilo linasomewa. Lina chuo kikuu chake, kipo ng'ambo ya jangwa, ng'ambo ya bahari, mahali ambapo maji hulala yakawa magumu kama jiwe, na wenyeji huyakanyaga wasizame.

Wanyama wote wakatazamana. Maji magumu kama jiwe. Mama Sange ilibidi akae chini.

Korongo akasema Semeni amekubaliwa chuoni, na yeye mwenyewe atambeba mgongoni. Ila ada ni lazima. Kule ni baridi, walimu wanakohoa mwaka mzima, kwa hiyo ada hulipwa kwa asali: kiriba kimoja cha ngozi, kijae mpaka shingoni. Upepo ukigeuka, makorongo wanaondoka. Kiriba kisipojaa, Semeni anabaki, na nafasi yake anapewa mwingine.

Sasa asali ya nchi ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Nyegere. Nyegere ana makucha kama majembe, ngozi yake nyuki hawaiwezi, na hata simba akimwona hubadili njia. Mzinga akiuona, ni wake. Mti wenye mzinga, ni wake. Kivuli cha mti wenye mzinga, nacho ni chake.

Mama Sange akaenda kwake, akapiga magoti, akaeleza shida yake. Nyegere alikuwa akilamba vidole. Akamwambia kwamba mtoto wa sange hana haja ya chuo, maana pua ndefu ya kuchungulia mambo ya ulimwengu tayari anayo. Watoto wa Nyegere wakacheka mpaka wakalala chini.

Mama Sange akainuka. Akarudi nyumbani, chwa, chwa, chwa, akifikiri. Kesho yake akaenda tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Asali sina."

"Sikuja kuomba asali, mzee. Tunafanya mchango wa Semeni, na tumeona haipendezi kukaa bila mkubwa. Tunakuomba uwe mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi anatoa nini?"

"Anakaa kiti cha mbele, mzee. Na chakula anapakuliwa yeye kwanza."

Nyegere akauliza ni chakula gani, na akakubali kabla hajamaliza kutajiwa.

Hapo nisikilizeni vizuri. Katika nchi ile mchango una desturi yake. Kitu kidogo hupigwa mnada. Anayekinunua hulipa, hukiinua juu watu wakione, kisha humrudishia mtoto anayechangiwa, kikanadiwa tena. Unga wa kikombe kimoja unaweza kununuliwa tangu asubuhi hadi jua kuzama, na jioni bado ukapikiwa uji. Kila mtu anaijua desturi hiyo. Nyegere hakuijua, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuhudhuria mchango wa mtu.

Siku ikafika. Nyegere akakaa kiti cha mbele. Akala wa kwanza, akala na wa pili, akala na wa mwisho. Kisha Kanga akaleta alichokuwa nacho: yai moja, ambalo wenzake walishaanguliwa, lenyewe likakataa. Chiriku, aliyejaliwa maneno kuliko ndege wote, akaliweka juu ya jiwe na kuanza kulinadi.

Nyegere akaliona yai. Mate yakamdondoka, do, do, do.

Nungunungu akataja kata moja ya asali, ambayo alikuwa ameificha tangu ujana wake. Nyegere akataja kibuyu kizima. Chiriku akahesabu, yai likawa la mgeni rasmi. Watoto wa Nyegere wakakimbia nyumbani kuleta kibuyu, na asali ikaingia kiribani: gubu, gubu, gubu.

Nyegere akalishika yai, akafungua kinywa.

"Mgeni rasmi analiinua juu," Chiriku akatangaza. "Mgeni rasmi anamrudishia mtoto."

Vigelegele vikapasuka. Nyegere akabaki kinywa wazi. Maishani mwake alikuwa amekimbiwa, amelaaniwa, amefungiwa milango, lakini vigelegele hajawahi kupigiwa. Masikio yake yakapata joto. Akalirudisha yai. Kisha akamwinamia Mama Sange, akamnong'oneza, "Sasa nitalila lini?"

"Mnunuzi wa mwisho ndiye anayeondoka nalo, mzee."

Yai likanadiwa tena. Nungunungu akataja kata yake moja.

"Wewe, hilo ni langu," Nyegere akasema. "Nimeshalilipia."

"Basi lilipie tena, mzee, lizidi kuwa lako," Mama Sange akamwambia.

Akalilipia tena. Gubu, gubu, gubu. Vigelegele. Yai likarudi. Nungunungu akataja kata yake moja. Nyegere akatoa zaidi. Gubu, gubu, gubu. Vigelegele. Yai likarudi. Kadiri alivyolilipia ndivyo alivyoona hawezi kumwachia mwingine. Vibuyu vikaja. Mtungi wa nyuma ya mlango ukaja. Mtungi wa chini ya kitanda ukaja, watoto wake wakihema, wala hawakuwa na nguvu ya kumcheka mtu.

Kiriba kikavimba, kikajaa mpaka shingoni. Korongo akachungulia kwa jicho moja, akachungulia kwa jicho la pili, akainamisha kichwa. Mnada ukafungwa. Yai likawa la Nyegere kwelikweli.

Akalibeba kwa mikono miwili. Lakini yai lile lilikuwa limeshinda juani, likipita kiganja hadi kiganja, na kila kiganja kilikuwa na joto lake. Likalia, ko. Nyegere akalitazama. Ko, ko. Ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Baada ya ufa, kidomo.

Wote wakasogea. Nyegere alikuwa amekula mayai maisha yake yote, wala hajawahi kulingojea hata moja. Akakaa vilevile, mikono ameikunjua, mpaka kifaranga akatoka, amelowa, miguu inatetemeka, akamtazama usoni.

"Ndivyo huwa?" Nyegere akauliza kwa sauti ndogo.

Kanga akamjibu kwamba ndivyo huwa. Akamchukua mwanawe na kumfunika kwa bawa. Mgeni rasmi akaenda nyumbani na ganda.

Upepo ukageuka. Makorongo wakakusanyika, weupe juu ya nyasi, kama nguo zilizoanikwa na nchi nzima. Semeni akapanda mgongoni mwa Korongo, akashika manyoya kwa mikono yote miwili. Mama Sange alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yakamkimbia. Akapata haya tu: "Ukifika kwenye yale maji, tanguliza mguu mmoja kwanza."

Wakaruka. Wakazunguka, wakapanda, wakazunguka, wakapanda. Semeni akawa kama tunda. Akawa kama punje ya mtama. Akawa kama kitu ambacho unakiona kwa sababu unakipenda. Halafu mbingu ikabaki peke yake, na wote walioitazama wakaona ni kubwa kuliko walivyodhani.

Tangu siku hiyo Nyegere akikutana na mtu humwonyesha juu na kumwambia, "Yule nimemsomesha mimi." Na Mama Sange akiwa karibu huinama na kusema, "Kweli, mzee. Nani mwingine angeweza?"

Fundisho la hadithi hii ni hili, wanangu: mtoaji mwema hutoa kimya kimya, wala hatafuti kupigiwa vigelegele. Ninyi mtoe kimya kimya. Ila mkiwa na mtoto wa kusomesha ng'ambo, msialike watoaji wa kimya kimya peke yao.

Hapo ndipo ilipoamua kukaa hadithi yangu. Ikikupendeza, mpelekee jirani. Isipokupendeza, mpelekee vilevile.