Jina la Ukumbi wa Nyangumi

Nitasimulia mimi, hukumu mtatoa ninyi.

Kule Pemba, Shaame alikuwa na bucha, na kwa kisu hakuna aliyemfikia. Time alifanya kazi maabara, mwanamke mwenye subira ya ajabu. Nassor alisoma vinasaba kwenye kompyuta kama wengine wasomavyo gazeti. Wote watatu walimjua Bi Saumu, mkuu wa makumbusho, na taabu yote ilimwangukia yeye.

Nyangumi alikufa ufukweni. Wengine wakasema ni samaki, wengine wakabisha. Bi Saumu akataka kujua ukweli, akawaomba watatu hao wamsaidie.

Mzoga ulikuwa umevimba, karibu kupasuka, na watu wakakaa mbali. Shaame akaupanda, akakata mpaka akafikia nyama ambayo haijaoza sana, akaitia kwenye deli la barafu. Harufu ilimganda wiki mbili. Wateja wakamhama.

Maabara, vinasaba vilitoka vimekatika vipande vipande. Time akajaribu mara tano. Nyama ikabaki kidogo kama ukucha.

"Tupa hiyo," bosi wake akamwambia.

"Niachie wiki hii tu."

Wiki hiyo mdogo wake aliolewa, Time hakwenda. Mara ya sita vikatoka safi, na mashine ikasoma herufi zake zote, zile zinazoandika urithi wa kiumbe.

Herufi hizo zilikaribia bilioni tatu, na kwa macho hazikusema kitu. Nassor alizilinganisha na za papa, ng'ombe, ngamia na kiboko kwa miezi minne, hadi macho yake yakadhoofika. Ndipo akapiga simu.

"Bi Saumu, huyu si samaki! Katika wanyama wa leo wasio nyangumi wala pomboo, ndugu yake wa karibu kabisa ni kiboko. Wazee wake walitembea nchi kavu. Na mdomoni hana jino hata moja, lakini vinasaba vya meno bado anavyo, vimeharibika tu."

Bi Saumu akakaa chini. "Sasa anavibeba vya nini?"

"Vimebaki tu, Bi. Wazee wake walikuwa na meno."

Habari ikaenea, wafadhili wakajenga ukumbi wa kuonyeshea mifupa ya nyangumi huyo. Barua yao ilisema ukumbi upewe jina la aliyefanikisha ugunduzi. Mtu mmoja tu.

Bi Saumu akawaita wale watatu, akitumaini mmoja atajitoa.

"Bila kisu changu mngesoma nini? Mchanga?" Shaame akauliza.

"Kaka Shaame, nyama yako ilikuwa imeanza kuharibika," Time akasema. "Mimi ndiye niliyetoa kitu humo."

"Na herufi zako, dada, nani alijua zinasema nini?" Nassor akadakia.

Kila aliyesema, Bi Saumu alimwona ana haki. Akisema mwingine, haki inahama. Akaandika jina, akalifuta. Akaandika la pili, akalifuta pia.

Nje, fundi alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi. "Mama, rangi inakauka. Niandike nani?"

Bi Saumu akaichukua tena kalamu.

Haya, fundi anangoja na watatu wanamtazama. Ungekuwa wewe ndiye Bi Saumu, ungemtajia jina la nani?