Chui Aliyeuliza Mwenye Boma

Hadithi ninayo, masikio mnayo. Basi tuonane katikati.

Palikuwa na chui wa ajabu, akisikika bila kuonekana. Alikuwa akitoka msituni mchana kweupe, akisimama uani mwa watu na kuuliza, "Boma hili ni la nani?"

Alifika kwa Ngowa, mwindaji. Ngowa akajifungia ndani akasema, "Si langu, mimi mgeni tu." Mbuzi wake akatoweka.

Alifika kwa Charo, mkuu wa kijiji. Charo akasema, "Ni la marehemu baba." Mbuzi wake akatoweka.

Mara ya tatu akafika kwa Mbodze, mjane aliyekuwa akikandika ukuta wake. Shemeji zake walikuwa wakimwambia kila siku ahame, kwani mwanamke hana boma.

"Boma hili ni la nani?"

Mbodze hakukimbia. "Ni langu. Miti nimekata mimi, udongo nimekanda mimi, mbuzi nimelea mimi. Ukimtaka mmoja, jitokeze nikuone."

Papo hapo uchawi uliomficha chui ukakatika. Akaonekana hatua tatu mbele ya Mbodze, mkubwa, madoa yaking'aa. Wakatazamana.

"Tangu nizaliwe hakuna aliyeniona," chui akasema. "Na mwenye boma simchukulii kitu."

Akapita katikati ya kijiji, watu wote wakimwona, akarudi msituni.

Tangu siku ile, shemeji za Mbodze wakifika hupiga hodi, wakasimama nje wakingoja aseme karibu.