Kwa Nini Moyo Hupiga Bila Kuitwa

Nyinyi mnaojishika kifua mkimaliza kupanda ngazi, halafu mnashangaa kuna kitu humo ndani kinagonga, kaeni niwaeleze nani anagonga na anamgongea nani.

Kuna wakati mwili wa binadamu ulikuwa umekamilika kwa kila kitu isipokuwa kazi. Mifupa ilishasimikwa, ngozi ilishatandazwa, na Bwana Ubongo alishahamia juu kwenye nyumba yake ya mfupa, anatoa maagizo. Shida moja tu: hakuna wa kuyatekeleza. Aliagiza mkono uinuke, mkono ukalala. Aliagiza shingo igeuke, shingo ikabaki inatazama palepale kama mlevi aliyesahauliwa mtaroni. Damu nayo ilikuwamo, lakini imetuama kifuani kama dimbwi baada ya mvua.

Ndipo likatoka tangazo kwamba mwili unatafuta watu wa kazi.

Nje kidogo ya mwili aliishi mjane mmoja, Bi Mnofu, na wanawe wanne. Wakubwa walikuwa mapacha, Kunja na Nyoosha. Wa kati aliitwa Laini. Wa mwisho hakuna aliyekumbuka kumpa jina, wakamwita Dogo. Siku hizo mtoto yeyote wa Bi Mnofu aliweza kuvuta na kusukuma, yeye mwenyewe, bila kumwomba mtu. Na kati yao wote Dogo ndiye aliyekuwa amepiga msuli, yaani amesoma: alijua kila kiungo kwa jina, hata vile vifupa vidogo vya ndani ya sikio ambavyo wenyewe havijui kama vinajulikana.

Bi Mnofu alisema hawaendi intavyu wamevaa hovyo. Akawafumia kila mmoja msuli, ile nguo ambayo wanaume hujifunga kiunoni. Mapacha walipata misuli mizuri yenye mistari ya karibukaribu. Laini akagoma. "Mama, mistari inaniwasha," alisema, akachukua kitambaa kitupu. Ilipofika zamu ya Dogo, uzi ulikuwa umekwisha. Mama akaokota vipande vilivyobaki, vyote vya mistari, vingine vimechanika panda kama matawi, akaviunga kimoja baada ya kingine.

"Mama, mishono inaonekana," Dogo alisema.

"Iache ionekane. Nguo ya hao wengine ukivuta uzi, unasogea huo huo. Yako ukivuta mmoja, inatikisika yote."

Kwenye lango la shingo alikaa Karani Neva, mjumbe wa Bwana Ubongo, na ngoma yake ndogo mapajani. Enzi hizo mtu aliitwa kazini kwa kupigiwa ngoma. Akawaita mapacha kwanza, akawauliza wanajua nini.

"Kuvuta na kusukuma," Kunja alijibu.

"Nafasi iliyopo ni ya kuvuta. Kusukuma ni idara nyingine."

"Iko wapi hiyo idara?"

"Haijafunguliwa."

Mpaka leo haijafunguliwa. Kunja akawekwa mbele ya mkono wa juu, Nyoosha nyuma. Kunja akivuta, mkono unakunjika, lakini kuurudisha hawezi, maana kusukuma si kazi yake tena. Inabidi alegee, mwenzake avute kwa upande wa pili. Hata wewe unaposukuma mkokoteni matopeni, ndani yako hakuna anayesukuma. Wote wanavuta tu, kwa zamu. Mapacha walinung'unika, kisha wakazoea. Siku nzima ungewasikia: "Legea basi na wewe, mzee." "Nimelegea, vuta, maneno mengi ya nini?" Walikuwa wawili, na hilo lilitosha.

Laini akapelekwa tumboni, kazi ya polepole, ya kuminya chakula kipite. Bwana Ubongo alimsahau siku hiyohiyo, naye Laini akashukuru. Hakuwa mpweke, kila mlo ulimletea wageni.

Akabaki Dogo. Karani Neva aliitazama ile nguo ya viraka, kisha akamtazama mwenyewe.

"Una uzoefu?"

"Wa nini, dada?"

"Wa kazi za mwili. Tunataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi."

"Dada, huu mwili umeumbwa asubuhi."

"Usinijibu hivyo. Kaa pale ndani, tutakupigia."

Leo kila mtu anajua neno hilo lina maana gani. Dogo ndiye wa kwanza kuambiwa, hakuwa na wa kumuuliza. Akaingia kifuani na furaha yake, akakuta benchi katikati ya lile dimbwi la damu, baina ya Mapafu, dada wawili waliokuwa wakizungumza wenyewe kwa wenyewe. Akaketi. Halafu akawaza: humu ndani watu wanafanya kazi wawiliwawili, bila shaka na mimi nitaletewa mwenzangu. Akasogea kushoto kidogo, amwachie nafasi.

Akasubiri. Aliisikia ngoma ikipigiwa paja. Ikapigiwa taya. Ikapigiwa kidole cha mwisho cha mguu, na hata kope, ambayo sijui ilikuwa na uzoefu gani. Kila ikilia alisimama, akajifunga msuli wake upya, akasubiri kusikia jina, akaketi. Damu ilipanda ikalowesha nguo yote, ikajaa kwenye mikunjo. Wale dada wawili hawakumsemesha. Nafasi ya kulia ikabaki tupu.

Baadaye ngoma ikaanza kukosa majibu. Mkononi Kunja alikuwa amejikaza na sasa ameshindwa kuachia. "Nyoosha, sisikii kulegea," alisema, na Nyoosha hakujibu, amekakamaa naye. Kumbe hata kulegea kunataka chakula, chakula kiko kwenye damu, na damu haikuwa na wa kuileta. Neva akapiga ngoma kila mlango mpaka mikono ikamchoka. Huko juu Bwana Ubongo akaanza kusinzia. Mwili ukanyamaza.

Dogo hakujua kwamba mwili unakufa. Asije mtu akamfanya shujaa. Alijua tu kwamba hata ngoma za wenzake hazisikiki tena, na kimya kile kilimshinda. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi nitajipigia mwenyewe." Akakusanya ile nguo iliyolowa, akaikamua kwa nguvu.

Du.

Ikatikisika yote, mshono kwa mshono, na damu ikaruka kwenda zake. Akanyamaza kusikiliza kama kuna atakayeitika. Nguo ikajaa tena. Akakamua tena.

Mkononi Kunja akalegea taratibu. "Nani huyo anapiga?" aliuliza. "Bosi mpya, labda," Nyoosha alijibu. Hakuna aliyemfikiria mdogo wao.

Karani Neva akaja mbio. "Nani amekuajiri?"

"Hakuna. Mlisema mtanipigia."

"Tulikuwa kwenye mchakato."

"Sawa, dada. Na mwenzangu yuko wapi? Nimemwachia nafasi."

Neva akapanda juu kuuliza, akarudi macho yake yako chini. "Wanasema hatukukuajiri. Kwa hiyo hatuwezi kukupa mwenzako, hatuwezi kukupa likizo, na kukuachisha pia hatuwezi. Mimi nimeruhusiwa kukwambia uharakishe au upunguze. Basi."

"Na nikiacha?"

Dogo alikuwa amesimamisha kazi ili aulize, na damu ilikuwa imeanza kutuama miguuni mwao. Neva aliitazama.

"Piga," alisema polepole. "Tafadhali, ndugu yangu, piga."

Kwa sababu hiyo, misuli ya mifupa yenu mpaka leo hukaa mmoja huku na mwenzake kule, huvuta ikiitwa na hulala ikiachwa, na ukiiweka chini ya hadubini mistari ya Bi Mnofu ingalipo. Ya Laini haina mstari hata mmoja. Na yule wa viraka, ambaye siku hizi anaitwa Moyo, mistari anayo na mishono anayo, na yuko palepale kwenye benchi, amesogea kushoto. Waliosoma wanasema kati ya pigo na pigo huwa anapumzika. Hapumziki. Hupiga, hunyamaza kidogo, husikiliza kama kuna aliyemwita. Halafu hupiga tena.