Tope Kwanza, Vumbi Baadaye

Haya, sogeeni, na nyinyi mnaosema aliyeridhika hana haja ya kuoga, kaeni mbele. Zamani, watu na wanyama walipokuwa wakielewana kwa lugha moja, tembo hakujipaka tope wala kujimwagia vumbi.

Bi Ndovu, kiongozi wa kundi lake, alikuwa ameridhika kupita kiasi. Akipata majani makavu, alishukuru. Inzi wakimuuma, alinyamaza. Jua lilimpasua ngozi, vidonda vikamwenea mpaka nyayoni, naye kimya. Bintiye alipomsihi akaoge, alijibu, "Mwanangu, mwili ni wa kupita tu. Wanaoshinda majini ni wale wasioridhika." Hapo akamtupia jicho Punda Milia, ambaye kweli alishinda mtoni akijitazama.

Basi ukaja ukame. Mto ukakauka, likabaki dimbwi la tope. Maji yalikuwa nyuma ya vilima, mwendo wa siku tano, na njia aliijua Bi Ndovu peke yake. Asubuhi ya safari alijaribu kusimama, miguu ikagoma. Kundi likamzunguka, ndama wakilia kwa kiu. Bi Ndovu aliogopa, wala hakuficha.

Kando ya dimbwi aliketi Sumana, mtawa mfuasi wa Budha, msafiri mwenye bakuli moja na vazi moja tu. Alikuwa akilitia vazi lile kiraka.

"Mtawa," Bi Ndovu akamwambia, "nilidhani wewe umeridhika. Mbona unahangaika na kitambaa?"

"Nimeridhika nacho, bibi, ndiyo maana nakishona. Nisingeridhika, ningetafuta kingine." Sumana akakata uzi kwa meno. "Hebu niambie, hao ndama watafuata kuridhika kwako au miguu yako?"

Bi Ndovu aliona haya mpaka masikioni, na masikio yake mnayajua. Akajikokota hadi dimbwini, akajigaragaza, akazizika nyayo zake topeni. Bintiye akampaka mgongoni. Kundi likangoja, likifyonza majimaji ya dimbwi. Siku ya kwanza, inzi walikimbia. Siku ya tatu vidonda vikaanza kufunga, na siku ya nne Bi Ndovu akasimama!

Akatangulia, kundi nyuma, na Punda Milia nyuma ya kundi, maana kiu haina maringo. Walipovuka kilima cha mwisho wakanusa maji. Ndama wakatimua mbio, mikonga juu, wakipiga kelele za ushindi, na hakuna hata mmoja aliyebaki njiani.

Bi Ndovu alikunywa, akaoga, akajipaka tope bichi. Punda Milia akashangaa. "Bibi wee! Unang'aa kunishinda mimi!"

Bi Ndovu akajitazama majini. Akajitazama tena. Kisha akacheka, akachota vumbi kwa mkonga, akajimwagia mgongo mzima.

"Imetosha," akasema. "Twendeni tukale."

Na tangu siku hiyo, tembo akitoka kuoga hujipaka tope, wanaomfuata wasije wakakosa miguu ya kufuata. Kisha hujimwagia vumbi, asije akasimama hapo kutwa akijitazama. Nanyi mlioridhika, nimewaelewa. Ndoo ile pale.